Siku Tano kwa Baisikeli Kandokando ya Kivu

Katika miji na vijiji vyetu hakuna asiyeijua baisikeli, au kinga kama wengi wetu tulivyozoea kuiita. Twaijua kama punda wa maskini. Hubeba makaa, ndizi, magunia ya mihogo na mgonjwa apelekwaye hospitali; na zamani ilimchukua katekista kutoka kilima hata kilima. Lakini siku hizi wametokea watu, wengi wao wageni kutoka Ulaya na Marekani, ambao hupanda baisikeli siku tano, siku kumi, hata mwezi mzima, bila kuuza kitu wala kununua, wakipita kwa makusudi mahali pasipo na barabara nzuri. Usiku hulala katika hema au katika nyumba ndogo za wageni, na asubuhi huendelea. Wazee wetu huwatazama na kuulizana: Hawa wanatafuta nini? Swali hilo ni la haki. Tungependa kulijibu kwa kuitazama njia moja tu, ambayo vilima vyake huonekana kutoka kwetu siku isiyo na ukungu.

Njia hiyo iko ng'ambo ya ziwa Kivu, katika nchi ya Rwanda, nayo huitwa Njia ya Kongo na Nili. Urefu wake ni kilometa 227. Huanzia Rubavu, mji ambao wazee bado huuita Gisenyi, unaogusana na Goma. Huishia Rusizi, yaani Cyangugu ya zamani, inayotazamana na Bukavu. Aendaye kwa miguu huhesabu siku kumi. Mwenye baisikeli, tano. Sehemu kubwa yake haikuchimbwa kwa ajili ya wageni. Ni vijia vya wakulima na barabara za udongo zilizokuwapo, zikaunganishwa na kutiwa vibao.

Tunajua kwamba wako wasomaji ambao kutajiwa nchi ile kwawaumiza. Mwezi wa Januari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Goma, na mwezi uliofuata wakaingia Bukavu. Ziko familia ambazo hata leo hazijakusanyika mezani. Hatuandiki kana kwamba hayo hayakutokea. Twaandika kwa sababu ziwa hili ni moja, na maji yake hayakuulizwa yangependa kuwa ya nani.

Basi, kwa nini jina la Kongo na Nili, ilhali njia yenyewe haigusi mto huu wala ule? Magharibi ya Rwanda pana mgongo mrefu wa milima, uliolala kutoka kaskazini hadi kusini, na mahali pengi hupita meta 2,500 juu ya usawa wa bahari. Mgongo huo ndio ugawao mvua. Fikirini nyumba iliyojengwa kileleni kabisa. Tone lililoangukia paa upande wa machweo litateremka hadi Kivu, litatoka ziwani karibu na Bukavu kwa mto Ruzizi, litaingia Tanganyika, litatoka tena Kalemie kwa mto Lukuga, litafika Lualaba, na kutoka hapo ni Kongo yenyewe, kupita Kisangani na Kinshasa hata bahari ya Atlantiki. Tone la pili, lililoangukia paa lilo hilo upande wa mawio, litaingia Nyabarongo, kisha Akagera, kisha ziwa Victoria. Litapita Uganda, Sudani na Misri, liishie katika bahari ya Mediteranea. Upana wa paa moja umeyatenga matone hayo kwa bara zima.

Wala haikuwa hivyo tangu mwanzo. Wataalamu wa miamba hutufundisha kwamba, maelfu mengi ya miaka iliyopita, maji ya bonde la Kivu yalikuwa yakienda kaskazini, upande wa Nili. Ndipo volkeno za Virunga zikaota katikati ya bonde, na mawe yake ya moto yalipopoa yakawa ukuta. Ziwa likajaa, likapanda, likatafuta mahali pa kumwagikia, likapapata kusini. Hivyo Ruzizi inayopita chini ya madaraja yetu ni mto uliozaliwa na moto. Wanafunzi waliochoshwa na ramani ya darasani na wayatafakari haya.

Njia ya baisikeli haipiti kileleni pa mgongo huo. Hupita ubavuni mwake, upande wa ziwa. Mtu akiitazama katika ramani atadhani kwamba ni matembezi ya ufukweni, maana ziwa ni tambarare nalo liko meta 1,460 tu. Asidanganyike! Ukingo wa Kivu upande ule umechanika kama vidole vya mkono: kila kidole ni mlima ulioingiza ncha yake majini, na kati ya kidole na kidole pana ghuba. Msafiri hupanda kidole, hushuka ghubani, hupanda tena, kutwa nzima. Saa ya kupanda ni mwendo wa mtu wa miguu, na mara nyingi hushuka na kuisukuma baisikeli yake. Lakini hapo ndipo faida ilipo. Apitaye kwa motokaa huona vilima. Aisukumaye baisikeli humwona mama anayepalilia maharagwe, husikia jina lake akiulizwa, hunusa kahawa iliyoanikwa juu ya vichanja. Pale Kinunu, katika siku mbili za kwanza, kuna kiwanda cha kuoshea kahawa karibu na maji, na katika majira ya mavuno wasafiri wengi hutua hapo kuona kazi.

Jioni zina uzuri wake. Wavuvi hutoka na mitumbwi iliyofungwa mitatu mitatu, yenye miti mirefu iliyochomoza mbele na nyuma kama pembe za panzi, wakipiga makasia na kuimba. Wanatafuta sambaza, samaki wadogo ambao asili yao si Kivu: waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaana, na leo ni kitoweo cha kwetu na cha kwao. Usiku taa za mitumbwi hiyo huenea juu ya maji, na mgeni aliyechoka hufikiri ameona mji.

Karibu katikati ya safari mtu hufika Karongi, ambako zamani kuliitwa Kibuye. Mji huu umekaa katika rasi zenye misonobari, na jirani yake, tangu mwaka 2016, gesi ya methani iliyo vilindini mwa ziwa huvutwa na kugeuzwa kuwa umeme. Juu ya rasi mojawapo pana kanisa la mawe. Watalii hulipiga picha kwa sababu limesimama vizuri juu ya maji. Lakini mwezi wa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Watutsi, watu kwa maelfu waliuawa katika kanisa hilo walimokuwa wamekimbilia. Na vilima vya Bisesero, kusini yake, ni mahali ambapo watu walijitetea kwa mawe na mikuki majuma mengi, hata wengi wao wakaangamizwa. Mwaka 2023 mahali hapo paliandikwa na UNESCO katika urithi wa ulimwengu. Twaona vema mpanda baisikeli asimame hapo, avue kofia yake, na kuacha kwa saa moja kuhesabu kilometa. Nchi nzuri si lazima iwe nchi isiyolia.

Kutoka Karongi kwenda kusini mambo yamebadilika. Barabara ya lami imejengwa kandokando ya ziwa, na sehemu kubwa ya safari siku hizi hupita juu yake. Wageni wengine hunung'unika: wamevuka bahari kutafuta vumbi, wamekuta lami! Hapa twasema wazi kwamba hatuwaungi mkono. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hahitaji njia yenye mandhari, ahitaji njia ya kumfikisha kwa mkunga kabla ya usiku. Apendaye udongo na apande kidogo juu milimani. Vijia bado viko tele. Huko, kuelekea Gisakura, ataingia katika mashamba ya chai yaliyonyolewa kama zulia, na mbele yake ukuta mweusi wa msitu wa Nyungwe wenye sokwe na mbega, msitu unaoyanywesha maji yake mabonde ya mito yote miwili.

Jambo lingine latugusa zaidi. Juu ya vilima hivyo hivyo mgeni mwenye baisikeli ya gia nyingi, na vifuko vyake vimefungwa kwa ustadi chini ya usukani, katikati ya fremu na nyuma ya kiti, hukutana na kijana wa pale mwenye baisikeli ya chuma isiyo na gia hata moja, aliyepakia mikungu ya ndizi hata yeye mwenyewe haonekani. Wote wawili wanatoka jasho. Mmoja amelipa fedha ili atoke jasho, mwingine atalipwa kidogo kwa jasho lake. Hatusemi kwamba wa kwanza atenda dhambi. Twasema tu kwamba imfaa amwamkie mwenzake, amwachie upande mzuri wa njia wakati wa kushuka, kwa maana mzigo ule hausimami upesi. Na jioni anunue chakula cha kijiji badala ya kula makopo aliyotoka nayo mjini. Yule kijana naye, asipodharauliwa, ndiye ajuaye kijito kipi kimebomoa daraja.

Vijana wengine watauliza: Je, sisi hatuwezi? Mnaweza, wala haihitaji baisikeli ya bei kubwa. Lakini jifunzeni kwanza kazi tatu: kuziba mpira wa ndani, kuunga mnyororo uliokatika, na kukaza breki, maana katika milima breki ni uhai. Chukueni pampu, viraka, mpira mmoja wa akiba, maji ya kutosha asubuhi nzima, na koti la mvua. Vitu vizito viwe chini na katikati, si juu ya kiti, la sivyo baisikeli itayumba kama mlevi. Ondokeni alfajiri. Epukeni masika ya Machi hadi Mei, kwa kuwa udongo mwekundu uliolowa huganda katika magurudumu hata yasizunguke. Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya heri. Na msitembee gizani.

Upande wetu wa ziwa uzuri haukosekani. Idjwi ina vijia vyake, na milima ya Kalehe haishindwi na ya Rutsiro. Lakini njia ya namna hii haitengenezwi kwa vibao peke yake. Yahitaji kwanza usiku ambao mgeni na mwenyeji wake hulala bila kuusikiliza mlango. Usiku huo watu wetu wanaungoja kwa muda mrefu, na hawaungoji kwa ajili ya watalii.

Siku ya tano msafiri hushuka Kamembe. Mbele yake zaonekana rasi za Bukavu zilizoingia majini, na chini yake Ruzizi yaanza safari. Vijito vyote alivyovivuka tangu Rubavu, vile vilivyomlowesha viatu na kile alichonywea maji ya kuchemsha, vyapita hapo, vikienda Uvira.