Anayeumwa mgongo Rumonge amtafute daktari gani?

Mtu aliyeumwa mgongo kwa miezi mitatu mfululizo, awe Minago, Rumonge mjini au Nyanza-Lac, hakosi washauri. Wa kwanza atamwambia kwamba muuguzi wa kituo cha afya hajui kitu. Wa pili atamtajia bingwa wa mifupa aliyeko Bujumbura. Wa tatu atasema afadhali avuke mpaka wa Mugina ashukie Kigoma, hospitali ya Maweni, maana huko shemeji yake alitibiwa akapona. Ushauri wote huo una nia njema, nao umejengwa juu ya imani moja, kwamba maumivu makubwa yanataka daktari mkubwa. Kwa wengi wa wanaoumwa mgongo imani hiyo inawapotezea fedha, siku za kazi na wakati mwingine hata afya yenyewe. Daktari wanayemhitaji ni yule watakayeweza kumrudia mwezi ujao na mwezi utakaofuata, naye akajua aliwaacha wapi. Cheo chake ni jambo la baadaye.

Tuanze na migongo yenyewe. Wapo wanaodhani kuumwa mgongo ni maradhi ya watu wa ofisini, wanaokaa kitini kutwa. Waje watazame mwambao huu wa Ziwa Tanganyika. Usiku wa giza wavuvi hutoka na taa kutafuta ndagala na mikeke, wavu ukazamishwa na kupandishwa kwa nguvu za mikono na kiuno, mara kwa mara hadi alfajiri. Kunapokucha kazi huhamia kwa wanawake, ambao huinama saa nyingi wakitandaza samaki juani na kuwageuza. Kwenye mashamba ya michikichi, ambayo ndiyo yaliyoifanya Rumonge kuwa mji wa mawese wa Burundi, mikungu hukatwa juu ya mti, hubebwa, huchemshwa na kukamuliwa, mara nyingi kwa mashinikizo ya kuzungusha kwa mkono, kisha mafuta huondoka kwa bidoni, kichwani au juu ya baiskeli. Uchunguzi wa pamoja wa tafiti za Afrika uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu waliochunguzwa walikuwa wameumwa kiuno ndani ya mwaka mmoja. Duniani kote watu waliokuwa na maumivu hayo mwaka 2020 walikadiriwa kufikia milioni 619, na inatarajiwa watafika milioni 843 ifikapo 2050. Hakuna maradhi mengine yanayowafanya watu waishi miaka mingi kiasi hicho wakiwa na ulemavu.

Ni nini basi kinachouma? Hapa ndipo imani ya daktari mkubwa inapoanza kuyumba. Kwa takriban watu 9 kati ya 10 wenye maumivu ya kiuno, hakuna daktari yeyote, awe Rumonge au Paris, anayeweza kunyoosha kidole kwenye pingili fulani na kusema kwa uhakika kwamba chanzo ni hiki. Maumivu ni ya kweli kabisa, lakini yanatokana na mchanganyiko wa misuli, viungo, mishipa ya fahamu iliyozoea kupiga kengele, usingizi mbovu, hofu na kazi isiyopumzika. Picha haisaidii kama watu wanavyodhani. Mwaka 1994 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa watu 98 wasioumwa mgongo hata kidogo, waliopigwa picha kwa mashine za sumaku, na zaidi ya nusu yao walikutwa na diski zilizotokeza katika pingili moja au zaidi. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2015, uliojumlisha watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu, uliona dalili za kuchakaa kwa diski kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Kwa hiyo mvuvi wa miaka 50 anayesafiri hadi Bujumbura kupigwa picha karibu hakika atarudi na karatasi yenye ugonjwa. Huenda kilichoandikwa pale hakihusiani kabisa na maumivu yake, ila tangu siku hiyo atajihesabu kuwa mtu aliyevunjika uti wa mgongo, na ataogopa kuinama hata kufunga kamba za viatu.

Linalosaidia linajulikana, nalo halina fahari. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno kwa watu wazima, ukilenga hasa vituo vya afya vya msingi. Unapendekeza mgonjwa aelezwe hali yake vizuri, afanye mazoezi yanayopangwa kulingana na uwezo wake, apate tiba za mikono kama ukandaji, asaidiwe kuikabili hofu na huzuni inayoambatana na maumivu, na pale inapobidi apewe dawa za jamii ya ibuprofeni. Mwongozo huohuo unashauri mikanda ya kiuno, uvutaji wa mgongo kwa mashine na dawa za jamii ya afyuni zisitolewe kama jambo la kawaida. Msomaji atazame orodha hiyo tena. Hakuna hata kimoja ndani yake kinachotendeka kwa ziara moja. Mazoezi huanza kidogo, hupimwa baada ya wiki kadhaa, huongezwa au hubadilishwa. Dawa za maumivu zikimezwa ovyo hutoboa tumbo na kuchosha figo, hivyo anayeziandika anapaswa kujua mgonjwa amezimeza kwa muda gani na nani mwingine alimpa. Na hofu haimtoki mtu kwa kuambiwa mara moja na mgeni aliyevaa koti jeupe kwamba asiogope.

Kwamba kumrudia daktari yuleyule kuna faida si maoni ya wazee wa zamani tu. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walikusanya tafiti 22 kutoka nchi 9, na 18 kati ya hizo zilionyesha kwamba wagonjwa wanaoonana na daktari mmoja kwa muda mrefu hufa kwa kiwango kidogo kuliko wanaohamahama. Nchini Norwe waliokuwa na daktari mmoja kwa zaidi ya miaka 15 walionekana kulazwa hospitali kwa uchache zaidi, na vifo vyao vilikuwa pungufu kwa takriban robo, wakilinganishwa na walio na daktari mpya. Ni kweli tafiti hizo hazikuhusu mgongo peke yake, na Norwe si Burundi. Ila sababu zinazotajwa ni zilezile zinazohitajika hapa: daktari anayekujua huuliza maswali machache yaliyo sahihi, hutambua kilichobadilika, nawe huthubutu kumwambia kwamba dawa aliyokupa uliiacha.

Upo pia upande wa mfuko. Kutoka Rumonge hadi Bujumbura ni kilomita 70 na ushei kando ya ziwa, safari ambayo zamani ilikuwa ya asubuhi. Miaka hii ya uhaba wa mafuta ya gari, nauli na muda wa safari havitabiriki, na anayekwenda kwa miadi ya saa tatu hajui kama atafika saa sita. Matibabu ya bure yaliyoanzishwa mwaka 2006 yanawahusu watoto wa chini ya miaka mitano na akina mama wanaojifungua, si mtu mzima mwenye kiuno kibovu. Wafanyakazi wa serikali wana bima yao ya afya, Mutuelle, na familia za wakulima na wavuvi zinaweza kuwa na kadi ya matibabu, CAM, lakini kadi hailipi nauli, chakula cha njiani, wala usiku wa uvuvi uliopotea. Ziara moja ya namna hiyo humaliza akiba ambayo ingetosha ziara nyingi za karibu.

Pingamizi la kwanza ni zito na halipaswi kupitwa juujuu. Je, ikiwa ni kifua kikuu cha uti wa mgongo? Ugonjwa huo, ulioelezwa na Percivall Pott wa Uingereza mwaka 1779, haujatoweka katika eneo letu. Kuna pia bruselosi inayotokana na maziwa yasiyochemshwa, na saratani za tezi dume na za mlango wa kizazi zinazoweza kuenea hadi kwenye mifupa. Mgonjwa wa namna hiyo akiambiwa atembee na avumilie, ni hatari. Nakubali. Ndiyo maana homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito, maumivu yanayozidi mtu akilala, miguu inayopoteza nguvu, ganzi kati ya mapaja, au mkojo na choo visivyozuilika, vyote vinataka hatua za haraka, na hizo tatu za mwisho zinataka safari ya siku hiyohiyo. Lakini ni nani atakayeziona dalili hizo? Kifua kikuu cha mgongo hujitokeza polepole, kwa wiki na miezi. Bingwa aliyemwona mtu mara moja hana cha kulinganisha. Aliyempima Machi na akampima tena Mei ndiye anayeona kwamba nguo zimeanza kumpwaya. Transferi ya kwenda hospitali kubwa inakuwa na maana ikitoka kwa mtu wa namna hiyo, ikiwa imeandikwa sababu, na dawa za kifua kikuu zenyewe hutolewa bure.

Pingamizi la pili linatoka kwa watu wanaoijua Burundi vizuri: madaktari wenyewe hawakai. Nchi hii ni miongoni mwa zenye madaktari wachache kabisa kwa idadi ya watu, na tangu faranga iliposhushwa thamani Mei 2023 wengi wamevutwa kwenda nje. Daktari kijana anaweza kufika hospitali ya Rumonge, ukamzoea, kisha akaondoka. Hilo ni kweli, nalo linaigusa hoja yangu mahali penye maumivu. Jibu langu ni kwamba tumetafuta ukaaji mahali pasipo pake. Kituo cha afya kwa kawaida huongozwa na muuguzi, si daktari, na wauguzi wengi wana nyumba na mashamba hapohapo. Mwongozo wa 2023 uliandikwa kwa ajili ya ngazi hiyo, na karibu kila kinachopendekezwa mle kinaweza kufanywa na muuguzi aliyefundishwa. Chini yake wako wale abaremeshakiyago, wahudumu wa afya ya jamii wa vilimani, wanaojua nani amelala ndani wiki nzima. Daktari wa hospitali ya wilaya anaweza kubadilika bila mgonjwa kuanza upya, mradi kumbukumbu ziwe mahali fulani.

Na mahali hapo ni daftari la mgonjwa, ambalo hatulitendei haki. Huandikwa kwa Kifaransa na kwa mwandiko wa haraka, ilhali mwenye daftari anazungumza Kiswahili na Kirundi. Anabeba maisha yake kwapani bila kuyasoma. Mgonjwa anayeanza na daktari mpya ana haki ya kumwomba, kwa adabu, amwambie kwa lugha wanayoelewana mambo matatu: dogiteri ameona nini, amekataa nini, na waonane tena lini na kwa kusudi gani. Hayo yakiandikwa hata mistari mitano, daktari atakayefuata hataanza na sindano ileile iliyoshindwa mwaka jana.

Baada ya daftari, sindano ndiyo kipimo changu cha pili cha daktari mpya. Wagonjwa wengi huiomba wenyewe, na anayekataa kuitoa huonekana hana dawa. Hata hivyo daktari anayechoma mgongo au tako kila ziara, bila kumvua mtu shati, bila kumwambia ainame, anyooshe mguu, atembee kwa visigino, huyo aachwe bila aibu. Kumrudia mtu mmoja si kumfungia ndoa. Miezi mitatu ya kujaribu kwa uaminifu inatosha kujua kama mpango unasogea, na kusogea kupimwe kwa kazi: anaweza kukaa mtumbwini saa ngapi, ndoo ngapi za maji. Maumivu yenyewe hupungua nyuma ya hayo, na kwa wengine hayaishi kabisa. Daktari anayelisema hilo waziwazi siku ya kwanza anastahili kuaminiwa kuliko anayeahidi kuponya.

Na wakandaji wa mtaani je? Sioni sababu ya kuwadharau. Ukandaji umo katika mapendekezo ya 2023, na mafuta ya mise hayamdhuru mtu. Wanaovunja vunja shingo na kumpanda mtu mgongoni ni jambo lingine, hasa kwa mzee au kwa mwenye zile dalili za hatari nilizozitaja.

Linabaki pingamizi ninaloliona gumu kuliko yote: daktari gani atabadilisha kazi? Utafiti wa Australia uliochapishwa katika The Lancet mwaka 2024, wenye watu 701, ulionyesha kwamba waliofuata mpango wa kutembea kwa miguu walikaa siku 208 kwa kipimo cha kati (medeni) kabla maumivu hayajarudi, wakati wengine walikaa 112. Habari njema, ila Rumonge watu hawakosi kutembea. Wanachokosa ni kutembea bila mzigo. Muuguzi wa kituo cha afya cha Kigwena, hapahapa Rumonge, anaijua kazi hiyo kwa macho yake, kwa hiyo anaweza kushauri bidoni la lita 20 ligawanywe mara mbili, samaki waanikwe kwenye vichanja vya urefu wa kiuno badala ya chini, wavutaji wa wavu wapokezane. Bingwa wa Bujumbura ataandika “apumzike”, neno lisilotekelezeka kwa mtu anayekula alichovua jana. Hospitali ya wilaya ikitenga asubuhi moja isiyobadilika kila wiki kwa ajili ya migongo, na wauguzi wa vituo wakaja nayo madaftari ya wagonjwa wao sugu, mgonjwa atajua ni siku gani ya kuacha wavu.