Semina Isiishie kwenye Cheti

Hivi karibuni tulizuru Nyanda za Juu Kusini, na mjini Mbeya tukaalikwa kuketi pamoja na watumishi wa ofisi moja ya umma waliokuwa wakifundishwa kwa siku tatu mbinu mpya za kutengeneza kurasa za mtandao. Tunaona ni wajibu wetu kuwaeleza wasomaji wetu wa Visiwani, hasa viongozi wa idara za Serikali, tuliyoyaona huko, kwani ya Mbeya yaweza kuwa ya Unguja na Pemba pia.

Mafunzo yenyewe yalikuwa ya manufaa. Mwalimu alionyesha jinsi ukurasa unavyoweza kujipanga kulingana na upana wa kioo cha simu, jinsi unavyohifadhiwa simuni ili usomeke hata mawasiliano yakikatika, na jinsi maelezo ya picha yanavyomwezesha asiyeona kusomewa kilichomo. Hayo si mapambo. Mkulima wa Kyela hana kompyuta. Ana simu na salio dogo.

Kasoro ilikuwa kwingine. Masomo yaliendeshwa kwa Kiingereza, na wengi walinakili wasichokielewa. Sisi tuliopitia chuoni tunaijua hali hiyo: mtoto huhitimu juzuu kwa sauti nzuri, maana akaisubiri miaka. Lakini mtoto yule ana mwalimu wa kumrejea kila siku. Watumishi hawa walipewa vyeti na posho, na baadhi yao wakarudi kwenye meza zisizo na mashine. Siku ya nne mzee mmoja alifika dirishani kuulizia fomu. Akaambiwa imo kwenye tovuti. Ilikuwemo kweli, lakini kwa Kiingereza, na simu yake haikuweza kuifungua. Akarudi kijijini mikono mitupu, nauli imekwenda bure.

Mjini Iringa tulikuta ofisi ndogo yenye utaratibu mwingine. Kila Ijumaa hutengwa saa moja ya kazi. Aliyehudhuria semina huwafundisha wenzake kwa Kiswahili, na kwa pamoja hurekebisha ukurasa mmoja unaowahusu wananchi. Kisha hujaribiwa kwa simu ya tarishi. Usipofunguka humo, kazi haijakwisha.

Utaratibu huo si mgeni kwetu. Mwaka 1973 Waziri Mkuu aliagiza elimu ya wafanyakazi itolewe mahali pa kazi. Mwaka uliofuata, 1974, Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya matatizo ya kompyuta za hesabu za Hazina. Marufuku hiyo imekwisha zamani, lakini fundisho lake limebaki: mashine zisiwatangulie watu wa kuzitumia.

Leo njia ipo. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, umepita Iringa na Mbeya. Wavuti, aliyoibuni Tim Berners-Lee mwaka 1989, iliachiwa watu wote waitumie bila malipo mwaka 1993. Wala lugha si kisingizio: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa programu za ofisi kwa Kiswahili.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa idara, kabla ya kutia saini safari ya semina nyingine, waulize mambo matatu. Je, mtumishi akirudi atakuta mashine ya kufanyia kazi? Je, atapewa muda wa kuwafundisha wenzake kwa lugha wanayoielewa? Na je, ni ukurasa upi wa wananchi utakaokuwa umetengenezwa mwezi mmoja baadaye? Pasipokuwa na majibu, fedha hizo zibaki kwanza katika kasma yake. Mvuvi wa Micheweni anayetafuta fomu ya leseni asilazimike kupanda gari hadi Chake Chake kuambiwa kwamba imo kwenye tovuti.