Skrini Inayomweka na Hatari Yake kwa Mwenye Kifafa

Mji wa Serikali Mtumba, katika Jiji la Dodoma, ndiko ziliko ofisi za wizara. Mfumo wa kompyuta unaoamuliwa huko huweza kutumika katika zahanati ya kijijini na katika simu ya mwananchi aliye mbali. Kwa sababu hiyo, jambo linalodhaniwa kuwa pambo tu, kama vile tangazo jekundu linalowaka na kuzima ili livutie macho, ni jambo la afya pia. Kwa baadhi ya watu, tangazo hilo linaweza kuleta degedege.

Mwanga unavyochochea kifafa

Degedege la kifafa hutokea seli za neva katika ubongo zinapotoa umeme kupita kiasi na kwa wakati mmoja. Kwa takriban watu 3 kati ya kila 100 wenye kifafa, kichocheo kimojawapo ni mwanga unaomweka. Hali hii hujitokeza zaidi katika umri wa kubalehe, na huwapata wasichana kuliko wavulana. Sehemu ya ubongo inayopokea picha, iliyoko kisogoni, huitikia kila mmweko. Mimweko ikifuatana kwa kasi, hasa kati ya 15 na 25 kwa sekunde, mwitikio huo huweza kusambaa katika ubongo mzima. Wekundu uliokolea, picha iliyojaza skrini na chumba chenye giza huzidisha hatari.

Tarehe 16 Desemba 1997, televisheni nchini Japani ilionyesha katuni ya Pokémon yenye mimweko myekundu na ya buluu. Watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitali, na wengi kati ya waliopata degedege hawakuwahi kulipata kabla ya siku hiyo.

Wajibu wa watengenezaji wa mifumo

Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti unataka kitu chochote kisimweke zaidi ya mara 3 katika sekunde moja. Vilevile, kitu kinachojisogeza chenyewe kwa zaidi ya sekunde 5 kando ya maandishi mengine kiwe na kitufe cha kukisimamisha. Kanuni hii ya pili huwafaa pia wenye kizunguzungu na wale ambao umakini wao hupotea upesi.

Je, tahadhari ya mlipuko wa ugonjwa itaonekanaje bila kumweka? Iwekwe juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa zinazotofautiana wazi na rangi ya nyuma, ikiwa na alama na maneno yanayoeleza la kufanya. Rangi peke yake haitoshi, kwa kuwa wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani. Isitoshe, muuguzi anayemulikwa kutwa nzima huzoea, na mwishowe haoni tena hata lile la dharura.

Kwa mhudumu wa afya

Unapochukua historia ya mgonjwa wa kifafa, uliza: je, alianguka akitazama televisheni, akicheza mchezo wa simu, au akipita penye miale ya jua inayokatwakatwa na miti? Je, mikono humshtuka asubuhi? Akijibu ndiyo, mpe rufaa kwa daktari mwenye ujuzi wa kifafa, kwani kabamazepini huweza kuzidisha mishtuko ya aina hiyo. Valproeti husaidia wengi, lakini humdhuru mtoto aliye tumboni. Hivyo uchaguzi wa dawa kwa msichana au mwanamke huhitaji uangalifu mkubwa.

Kwa mgonjwa na familia

Tazama skrini ukiwa mbali kidogo, katika chumba chenye mwanga, na upunguze ung'avu wake. Usikose usingizi wala dawa. Mimweko ikianza ghafla, funika jicho moja kwa kiganja na ugeuze uso. Kufumba macho tu hakutoshi, kwa kuwa mwanga hupenya kope.

Mtu akianguka, ondoa vitu vya hatari, mlaze kiubavu, usimtie kitu mdomoni wala usimkandamize. Povu lake haliambukizi kifafa. Degedege likizidi dakika 5, mpelekeni hospitali haraka.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya kupata taarifa. Haki hiyo haitimii ikiwa mgonjwa anayefungua ukurasa kutafuta huduma anaangushwa na ukurasa wenyewe. Kwa hiyo, kabla mfumo haujaruhusiwa kutumika, mimweko yake ihesabiwe.