Motokari ya hibridi: chagua fundi mbele ya kuchagua motokari



Usalama haukomei kwenye mlango wa kiwanda. Mtu anaweza kumaliza zamu yake salama, akavua kofia ya kazi, akarudi nyumbani na kukuta hatari nyingine inamngojea mbele ya mlango wake. Leo tunasema juu ya hatari iliyojificha ndani ya kitu kizuri ambacho jamaa nyingi zinakiwekea akiba: motokari mpya ya hibridi.

Hibridi ni nini? Ni motokari yenye moteri za namna mbili: moja inakula esansi, nyingine inatembea kwa umeme. Kiwanda cha Toyota kilianza kuuza Prius katika Japani mwezi wa Desemba 1997, nayo ndiyo hibridi ya kwanza iliyotengenezwa kwa wingi. Umeme unakaa katika batri kubwa, mara nyingi chini ao nyuma ya kiti cha nyuma. Shofere akikanyaga freni, moteri ya umeme inageuka kuwa mashini ya kutoa umeme, na nguvu iliyokuwa ikipotea bure kwa joto la freni inarudi ndani ya batri. Ndiyo sababu motokari hii inakula esansi kidogo, zaidi mjini ambako mtu anasimama kila mara.

Batri nyingi za motokari za leo zina kobalti ndani yake, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa katika Lualaba na Haut-Katanga. Basi usiione hibridi kama uchawi wa wageni. Kazi ya mikono yetu ilisafiri mbali, sasa inarudi ikiwa na magurudumu.

HATARI IKO WAPI?

Batri ndogo ya motokari ya kawaida ina volti 12. Batri kubwa ya Prius iliyotoka mwaka 2003 ina volti 201,6, na chombo cha kugeuza umeme kinaipandisha mpaka volti 500. Katika Prius iliyofuata, ya mwaka 2009, inapanda mpaka volti 650. Kumbuka kwamba umeme wa nyumbani ni volti 220 tu, na wote tunajua unavyoweza kuua mtu.

Mwenye kuendesha na watoto walioketi nyuma hawana la kuogopa, kwa maana kiwanda kimefunika kila kitu vizuri, na waya za umeme mkubwa zimetiwa rangi ya machungwa ili kila mtu azitambue. Hatari inaanza siku motokari inapofunguliwa. Fundi asiyejua anaweza kufa. Fundi asiyejali anaweza kukurudishia motokari mbovu, nawe ukapoteza akiba ya miaka mingi. Kwa hiyo, mbele ya kuuliza bei na rangi, uliza: nani ataifungua?

INGIA KWA MLANGO WA NYUMA

Konsesioneri, yaani duka lenye ruhusa ya kiwanda, lina milango miwili. Wa mbele ni wa mwuzaji: kuna vioo, viti vizuri na maneno matamu. Wa nyuma ni wa atelieri. Omba kuingia kwa mlango wa nyuma kwanza. Mwuzaji utamwona siku moja tu, lakini fundi utamwona miaka yote.

Kule nyuma unajua la kutazama, kwa maana ni sheria yako ya kila siku. Kazini, mbele ya kutengeneza mashini ya umeme, tunafanya mambo manne: tunakata umeme, tunafunga kwa kufuli, tunapima, ndipo tunagusa. Fundi mwema wa hibridi anafanya vilevile:

1. Anazima motokari na kuweka ufunguo mbali. Halafu anafungua waya wa batri ndogo ya volti 12.

2. Anavaa mifuko ya mikono ya mpira iliyotengenezwa kwa kazi ya umeme wa mpaka volti 1000. Mbele ya kuivaa anaijaza hewa na kuikunja, aone kama haina tundu.

3. Anatoa plagi ya usalama ya batri kubwa na kuitia mfukoni mwake, asije mwingine akairudisha. Hiyo ndiyo kufuli yake.

4. Anangoja. Kwa motokari zake nyingi za namna hii, Toyota inataka dakika 10, kwa maana ndani ya chombo cha kugeuza umeme kuna kondansateri zinazoshika nguvu hata baada ya kukatwa.

5. Anapima kwa chombo, aone kwamba hakuna volti iliyobaki. Ndipo anagusa.

Sasa muulize fundi: «Ndugu, unafanya nini mbele ya kugusa waya wa machungwa?» Akikueleza kwa utaratibu na kukuonyesha vyombo vyake, hapo ni mahali pa kuaminika. Akicheka na kusema «sisi tumezoea», aga na uende zako. Neno «tumezoea» tunalijua sana mashimoni, na tunajua linakofikisha watu.

MAULIZO YA KUMWULIZA MKUBWA WA ATELIERI

Mafundi wangapi wamefundishwa kazi ya hibridi? Omba kuona kartasi zao za masomo. Kama ni mmoja tu, uliza nani anashika kazi yake akienda likizo.

Muna kompyuta ya kusoma batri? Batri kubwa imegawanyika vipande vingi. Kipande kimoja kikilegea, kompyuta inakionyesha. Fundi asiye nayo anakisia tu, na makisio yake utayalipa wewe.

Garanti ya batri ni ya miaka mingapi na kilometa ngapi, na inafanya kazi katika inchi hii? Katika Marekani, Toyota inatoa kwa batri za hibridi zake, tangu modeli za mwaka 2020, garanti ya miaka 10 ao maili 150 000, yaani karibu kilometa 240 000. Lakini mara nyingi garanti ya inchi moja haivuki mpaka pamoja na motokari. Usikubali jibu la mdomo. Omba liandikwe, na lipigwe muhuri.

Mutaivuta namna gani ikikwama njiani? Hibridi nyingi hazivutwi kwa kamba magurudumu ya mbele yakigeuka chini, kwa maana yanazungusha moteri ya umeme na kuweza kuiharibu. Garaji inayojua kazi itakujibu kwamba wanaipakia juu ya lori, ao wanainua magurudumu ya mbele.

Munasafisha njia ya hewa ya batri? Katika hibridi nyingi, batri inapozwa kwa hewa inayovutwa karibu na kiti cha nyuma. Kwetu, wakati wa kiangazi, vumbi jekundu linajaza kila tundu. Njia hiyo ikizibwa, batri inapata joto na inachakaa mbele ya wakati. Nawe mama, usiweke mifuko ya unga ao nguo juu ya tundu hilo.

SOMA FAKTURI KWA MACHO MAWILI

Garaji ya kuaminika inakupa bei kwa maandishi mbele ya kazi, na baada ya kazi inakuonyesha vipande vya zamani vilivyotolewa. Lakini ujue jambo hili: Prius haina alternateri, wala haina demareri ya kawaida. Moteri zake za umeme zinafanya kazi hizo zote mbili. Ukiona fakturi ya Prius inakulipisha demareri mpya, umekwisha kujua uko mikononi mwa nani.

Vilevile, vipande vya freni vya hibridi vinadumu kuliko vya motokari ya kawaida, kwa sababu moteri ya umeme inasaidia kupunguza mwendo. Mtu akitaka kuvibadilisha kila mara, mwambie akuonyeshe vilivyokwisha. Lakini usiache kuvipima na kuvisafisha, kwa maana freni isiyotumika sana inaweza kushika kutu.

Mwisho, chombo cha kutia baridi ndani ya hibridi nyingi kinazungushwa na umeme mkubwa, na kinataka mafuta ya namna yake yasiyopitisha umeme. Fundi wa kando ya njia akitia mafuta ya kawaida, anaharibu kinga ya umeme ya chombo kizima. Kazi hiyo mwachie anayeijua.

NA NYUMBANI?

Hibridi inaweza kuwa hai bila sauti yoyote. Taa ya READY ikiwaka kwenye tablo, motokari iko tayari kuondoka, na moteri ya esansi inaweza kujiwasha yenyewe wakati wowote. Kwa hiyo usiiache hivyo ndani ya nyumba ya motokari iliyofungwa: moshi wake una sumu isiyo na harufu, inayoua watu usingizini. Zima, tazama taa imekufa, halafu toka na ufunguo. Watoto wasichezee ufunguo, na wasicheze mbele ya motokari wakidhani imelala.

Na kama jirani ao shemeji anajitolea kukutengenezea waya wa machungwa kwa bei ya urafiki, mshukuru, mpe kiti, munywe pamoja. Lakini boneti ibaki imefungwa. Umeme hautambui undugu.

Ndugu mfanya kazi, sheria unayoishika kazini uishike na mbele ya nyumba yako: kata, funga, pima, ndipo guse. Garaji isiyoijua sheria hiyo, usiipe motokari yako.