Mguu Kabla ya Spana: Utangulizi wa Uchunguzi wa Breki Laini

Dereva akiingia gereji na kusema breki zinazama, fundi wa haraka hufanya mambo mawili: anaongeza mafuta ya breki, anatoa upepo. Pedali inapanda, mteja analipa, gari linaondoka. Wiki haijaisha, lile gari limerudi. Kitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya kuzuia ile safari ya pili. Pedali laini ni dalili ya magonjwa kadhaa yasiyofanana, na kila ugonjwa una namna yake ya kujionyesha mguuni kabla spana haijagusa chuma.

Karibu basi, uwe mwanafunzi wa ufundi, dereva wa lori, au mwenye Noah moja ya kubebea abiria ambaye amechoka kununua spea za kubahatisha.

Mifano yangu naichukua Abuku na vijiji jirani vya wilaya ya Koboko, na si kwa upendeleo tu. Hii ni pembe ambayo Uganda inapakana na Kongo na Sudan Kusini kwa pamoja. Kuna lami inayotoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba mpakani. Ukiiacha, unaingia kwenye murram yenye mawimbi yanayotikisa gari mpaka nati zinalegea. Magari mengi ni mitumba. Tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lililotimiza miaka 15, lakini hata linaloruhusiwa linaweza kushuka bandarini likiwa na mipira ya breki iliyofanya kazi muongo mzima chini ya mtu mwingine. Vumbi, mtikisiko na mpira mzee: nani atake darasa bora zaidi?

Kanuni yenyewe ni ya zamani. Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17, alionyesha kwamba shinikizo likitiwa kwenye kimiminika kilichofungiwa husambaa sawasawa pande zote. Malcolm Loughead aliitumia kwenye breki za gari mwaka 1917, na mwaka 1921 Duesenberg wakatoa gari la abiria lenye breki za mafuta kwenye magurudumu yote manne. Kinachosahaulika ni udogo wa vipimo. Pistoni ya masta silinda yenye kipenyo cha milimita 22, ikisafiri milimita 30, inasukuma kama sentimita za ujazo 11 tu za mafuta: hayajai vijiko vitatu vya chai. Hicho ndicho chakula cha magurudumu yote. Mafuta hayabanwi, hewa inabanwa. Kiputo cha sentimita za ujazo tatu kikijificha kwenye bomba, robo ya safari ya mguu wako inaishia kukibana, na pedi bado hazijaanza kazi.

Sasa kaa kwenye kiti. Gari liwe tambarare, magurudumu yamezuiwa kwa mawe, injini imezimwa. Kanyaga mara nne au tano mpaka akiba ya busta, kile kisaidizi cha mguu, iishe, kisha sikiliza kwa mguu.

Pedali ikinepa, na ikipanda kadiri unavyopampu, kuna upepo. Isiponepa, ila inaanzia chini, kisha mkanyago wa pili ukaikuta juu na ngumu, usifungue skrubu ya upepo. Huenda breki shu za nyuma zimekaa mbali na dramu. Au, na hili kwenye murram zetu ni la kila siku, beringi za gurudumu zimelegea: diski inayumba, inazirudisha pedi nyuma kidogo kila gari linaporuka shimo, na mkanyago wa kwanza unatumika kuziba pengo hilo. Nimeona watu wakibadilisha masta silinda kwa tatizo la beringi. Shika tairi juu na chini gari likiwa kwenye jeki, litikise. Jibu linapatikana bure.

Ukikanyaga na kushikilia kwa nusu dakika, pedali ikazama polepole kama inayeyuka, kuna njia mbili. Kiwango cha mafuta kimeshuka? Tafuta unyevu: ndani ya dramu, upande wa ndani wa tairi, maungio ya masta silinda na busta, hata zulia la miguuni. Hakijashuka na hakuna pa unyevu? Vikombe vya mpira ndani ya masta silinda vimechoka, mafuta yanapita kando yao. Kisha washa injini ukiwa bado umekanyaga: pedali kushuka kidogo wakati huo ni afya ya busta, wala si ugonjwa.

Kuna pedali inayokuwa nzima asubuhi na laini mwishoni mwa mteremko mrefu, kama Kitonga kule Iringa, kisha inarudi gari likipoa. Hapo mshukiwa ni mafuta yenyewe. Mafuta ya kawaida ya breki hunyonya unyevu wa hewani. DOT 3 mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205. Yakishakunywa maji asilimia 3.7, kiwango chake cha kuchemka kinashuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Yakichemka yanazaa mvuke, na mvuke ni upepo ule ule. Kwa hiyo chupa iliyokaa wazi kwenye rafu msimu mzima wa mvua haifai, hata kama imebaki nusu na bei inauma. Na anayejazia mafuta ya injini anaua mipira yote ya mfumo: inavimba, inalainika, na bili yake inazidi mara nyingi bei ya chupa mpya.

Kutoa upepo ni sura nzima humu, ila mambo matatu nayasema hapa kwa sababu hayasubiri. Kwa kawaida huanzwa na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Gari la usukani wa kulia, hilo ni la nyuma kushoto. Lakini Koboko huingia pia magari ya usukani wa kushoto kutoka ng'ambo, na hapo ni la nyuma kulia. Baadhi ya watengenezaji wana mpangilio wao, ufuate. Pili, kwenye gari kuukuu weka kipande cha ubao chini ya pedali. Mguu ukifika sakafuni, vikombe vya mpira vinaburuzwa kwenye sehemu ya silinda ambayo havijaigusa miaka mingi, yenye kutu na uchafu, vinachanika. Gari lililoingia na upepo linatoka na masta silinda mbovu. Tatu, gari ambalo pedali yake imelainika mara tu baada ya kaliper kufunguliwa, inama utazame skrubu za upepo. Zikielekea chini, kaliper za kulia na kushoto zimebadilishana nafasi. Hewa hukaa juu. Unaweza kumaliza chupa tatu na isitoke.

Magari yenye ABS yana vyumba vidogo ambamo hewa hujificha, na mengine hayatoi mpaka kompyuta iamuru vali zifunguke. Hayo yako sura ya mwisho. Sura ya kwanza inahitaji gari zima lisilo na kasoro: likanyage mpaka mguu uzoee uzima unavyokuwa, kisha fungua ukurasa.