Profesa wa Lugala na milango ya Kakamega

Mei 2008, mjini Yokohama, serikali ya Japani ilitoa kwa mara ya kwanza Tuzo ya Hideyo Noguchi kwa Afrika. Noguchi alikuwa mwanasayansi Mjapani aliyefia Accra mwaka 1928, akiuawa na homa ya manjano, ugonjwa uleule aliokuwa akiuchunguza. Waliotuzwa siku hiyo walikuwa wawili, kila mmoja yeni milioni 100. Profesa Brian Greenwood, Mwingereza aliyeishi miaka mingi Gambia akipambana na malaria, alipewa tuzo ya utafiti. Tuzo ya huduma ilikwenda kwa Profesa Miriam Khamadi Were, mzaliwa wa kijiji cha Lugala, Kakamega.

Nadhani Kakamega haijalitendea haki jina hili. Tunawajua vyema wanasoka wetu na wanasiasa wetu. Msomi aliyeionyesha Kenya kwamba vita dhidi ya maradhi ya kuambukiza huanzia nyumbani kabla ya kufika hospitalini, na aliyelionyesha jambo hilo papa hapa kwetu, tunamtaja kwa nadra mno.

Alizaliwa mwaka 1940. Alisomea sayansi katika chuo cha William Penn, jimbo la Iowa nchini Marekani, chuo cha Waquaker, dhehebu ambalo watu wa Magharibi mwa Kenya wamelijua tangu misheni ya Kaimosi ilipoanzishwa mwaka 1902. Aliporudi alikuwa mwalimu. Darasani aliona wanafunzi wakikosa masomo kwa sababu ya maradhi, muhula baada ya muhula, akaiona kazi ya chaki kuwa finyu. Akaingia Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea udaktari, akahitimu mwaka 1973. Katikati ya masomo hayo mazito aliandika pia riwaya. The Eighth Wife ilitoka mwaka 1972. Silitaji hilo kama pambo. Mtu anayeweza kukaa na kisa cha nyumba moja hadi akakielewa ndiye aliyehitajika kwa kazi iliyofuata.

Kazi yenyewe ilihitaji kwanza kuangalia maradhi yanatoka wapi. Kakamega hainyimwi mvua. Mwaka hadi mwaka inanyesha kwa wingi, mabonde yana chemchemi na vijito, na mashamba yamegusana. Katika miaka ya sabini, wilaya hiyo, ambayo wakati huo ilijumuisha pia Vihiga ya leo, ilikuwa na watu wengi juu ya ardhi ndogo. Mtoto aliyeletwa hospitalini akiharisha alitibiwa, akarudi kwa mama yake, akanywa maji ya chemchemi ileile iliyo chini ya mteremko ambao mvua huosha kila kinyesi kilichoachwa wazi. Baada ya wiki chache alikuwa amerudi wodini, kama bado alikuwa hai. Surua ilisambaa kwa sababu chanjo ilikuwa mbali na mama alikuwa na shamba la kupalilia. Malaria iliingia usiku dirishani. Katika yote hayo, daktari alikuwa wa mwisho kuitwa.

Akiwa mhadhiri wa afya ya jamii katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Were aliongoza katika nusu ya pili ya miaka ya sabini mradi wa majaribio wilayani Kakamega, ukiungwa mkono na Wizara ya Afya na UNICEF. Uliendelea hadi mwaka 1982. Wazo lake, ukilisema leo, linaonekana la kawaida: wanakijiji wenyewe wachague mmoja wao wanayemwamini, apewe mafunzo, kisha arudi kuwatembelea majirani zake, azungumze nao kuhusu choo, maji, chanjo, lishe na uzazi, na amtambue mgonjwa mapema. Wakati ule halikuwa la kawaida hata kidogo. Afya ilikuwa jengo lenye koti jeupe ndani, na mwanakijiji alikuwa mtu wa kuelekezwa. Were aliwachukua akina mama wa mashambani kama watu wenye maarifa yao juu ya nyumba zao, akaanza kwa kuwasikiliza. Huo ulikuwa uamuzi wa kisayansi. Mtafiti asiyejua kwa nini choo kimechimbwa lakini hakitumiki atabaki kuhesabu mashimo.

Septemba 1978, nchi 134 zilipokutana Alma-Ata na kutangaza afya ya msingi kuwa haki ya kila mtu, Kakamega ilikuwa tayari kazini. Mwaka huohuo UNICEF iliitambua kazi hiyo kwa Tuzo ya Maurice Pate. Masomo ya juu ya Were yalikwenda sambamba na haya yote: shahada ya uzamili ya afya ya umma katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, mwaka 1976, na uzamifu hukohuko mwaka 1981.

Baadaye alifanya kazi Ethiopia, kwanza na UNICEF, kisha kama mwakilishi wa Shirika la Afya Duniani. Aliongoza Baraza la Kitaifa la Kudhibiti Ukimwi tangu mwaka 2003, miaka michache tu baada ya Ukimwi kutangazwa janga la kitaifa hapa Kenya, na akawa mwenyekiti wa bodi ya shirika la afya la AMREF. Mwaka 2022 Waquaker walimpendekeza kwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Linaloniuma ni miaka iliyopotea. Mradi wa Kakamega ulimalizika mwaka 1982. Mkakati wa kitaifa wa afya ya jamii, wenye wahudumu wa kila kijiji, ulikuja mwaka 2006. Katikati hapo, mwaka 1989, serikali ilileta ada katika hospitali za umma, na maskini wengi wakarudi nyumbani na ugonjwa wao. Ushahidi ulikuwepo na ulitoka kwetu. Kizazi kizima cha watoto kilizaliwa na kukua huku nchi ikiwa imeuweka kabatini.

Sasa tazama yaliyotokea tangu hapo, maana historia hii haikuishia kwenye sherehe za Yokohama. Kati ya mwaka 2012 na 2014 utafiti mkubwa uliofuatilia maji, vyoo, unawaji mikono na lishe uliandikisha wajawazito 8,246 katika kaunti za Kakamega, Bungoma na Vihiga. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018, na yalishtua wengi: watoto wa nyumba zilizopewa dawa ya kutibu maji, vyoo bora na vifaa vya kunawia hawakuharisha kidogo kuliko wengine. Waliopewa lishe ya nyongeza walikua vizuri kiasi. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba minyoo ya tumbo ilipungua. Utafiti pacha nchini Bangladesh, ukitumia mbinu zinazofanana, ulipunguza kuharisha.

Tofauti ilitoka wapi? Sababu zinaweza kuwa nyingi, na moja inayotajwa ni hii: Bangladesh wahudumu waliitembelea nyumba mara nyingi zaidi, ilhali hapa kwetu ziara ilipangwa mara moja kwa mwezi. Kadiri muda ulivyosonga, dawa ya maji ilitumiwa na watu wachache zaidi. Mimi nausoma utafiti huu kama jibu la swali ambalo Were alilishughulikia miaka arobaini kabla. Chupa ya klorini haina miguu. Anayeirudisha mkononi mwa mama kila mara ni jirani anayekuja, anayeaminika, na anayejua jina la mtoto.

Malaria inafundisha hivyohivyo. Huko Iguhu, kando ya Mto Yala, watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, wakiongozwa na Andrew Githeko, pamoja na Guiyun Yan wa Chuo Kikuu cha California, wamechunguza kwa miaka mingi jinsi ukataji miti na ulimaji wa mabonde unavyoongeza joto na kuyaacha madimbwi juani, mahali mabuu ya mbu hustawi. Kisha mwaka 2019 Kakamega ikawa miongoni mwa kaunti nane zilizoanza kutoa chanjo ya malaria ya RTS,S. Chanjo hiyo ina dozi nne, na ya mwisho huja mtoto akishatembea na mama akishasahau kadi ya kliniki. Hapa ndipo Greenwood na Were wanapokutana tena, safari hii bila jukwaa: maabara imetoa chanjo, na mtu lazima aende nyumba kwa nyumba kumkumbusha mama siku ya dozi ya nne.

Mtu huyo leo anaitwa mhamasishaji wa afya ya jamii. Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua zaidi ya 100,000 kati yao nchini kote, na vifaa vyao vya kazi. Malipo yaliyoahidiwa ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Mkakati wa mwaka 2006 ulimpa mhudumu mmoja nyumba 20. Sasa anatarajiwa kuhudumia takriban 100. Kwa hesabu hiyo, anayetaka kuzifikia zote kila mwezi lazima aingie nyumba tatu au zaidi kila siku, Jumapili ikiwemo, katika vilima vya Shinyalu au njia za miwa za Mumias, kisha arudi akalime shamba lake.

Mjini Kakamega kipo Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilichozaliwa kutokana na michango ya harambee ya wananchi mwaka 1972 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Kina kitivo cha afya ya umma. Kwa wahadhiri wa vyuo vyetu, kupandishwa cheo hutegemea zaidi makala zilizochapishwa katika majarida ya kimataifa, na siwalaumu wanaozifuata. Ndiyo kanuni waliyoikuta. Lakini mhadhiri anayekaa miaka mitano na vijiji vya Ikolomani, akarudisha matokeo kwenye baraza la chifu kabla ya kuyapeleka London, anastahili kupimwa kwa kazi hiyo pia. Ningependa chuo hicho kiichukue kazi moja ambayo haihitaji mfadhili mkubwa: kiwafuatilie wahamasishaji wa wadi chache kwa mwaka mzima, kijue nyumba ngapi zinafikiwa kweli, mtoto gani alikosa dozi na kwa nini, kisha kiyaweke majibu mezani kwa bunge la kaunti wakati wa kupanga bajeti ya nusu ile ya shilingi 5,000.