Kuzamia ziwani: Mpango wa dharura huanzia barabarani

ZIWA halina papa, halina maji kujaa na kupwa, wala halina mkondo wa kumchukua mtu hadi bahari kuu. Ndiyo maana ni rahisi kwa aliyejifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa huko Unguja, Mafia au Mombasa kufika Kigoma, Matema au Mwanza akidhani kwamba amekuja kwenye maji ya wanaoanza.

Dhana hiyo ni ya hatari. Maziwa makuu ya Afrika Mashariki yako juu ya usawa wa bahari, na yako mbali na tiba anayoihitaji mzamiaji aliyedhurika. Mambo hayo mawili yakikutana siku ya ajali, hata gari linalomkimbiza mgonjwa hospitalini linaweza kumwongezea madhara.

Wanaozamia katika maziwa haya si watalii peke yao. Ziwa Tanganyika kwa miaka mingi limekuwa chanzo cha samaki wa mapambo wanaouzwa ng'ambo, nao hukamatwa na wapiga mbizi kwenye miamba, mmoja mmoja, ili wasijeruhiwe. Wapo pia watafiti wa viumbe wa majini, mafundi wanaokagua mabomba na matumbo ya meli, na askari wa uokoaji. Wote huvuta hewa ile ile, na mwili haumbagui mwenye cheti na asiye nacho.

Kinachopaswa kueleweka kwanza ni kile kinachotokea mwilini. Takriban asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, gesi ambayo mwili hauitumii. Mtu akiwa chini ya maji, mgandamizo huisukuma gesi hiyo ndani ya damu na tishu, na kadiri anavyokwenda chini na kukawia huko ndivyo inavyozidi kuingia. Akipanda polepole, kwa mwendo usiozidi mita 9 kwa dakika, hutoka kupitia mapafu bila kudhuru. Akipanda kwa pupa, hali huwa kama ya chupa ya soda iliyofunguliwa ghafla: mapovu hujitokeza katika viungo, katika mishipa, na pengine katika uti wa mgongo.

Huo ndio ugonjwa wa mgandamizo. Dalili zake ni maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida, vipele na, katika hali mbaya, miguu kukosa nguvu au mkojo kukataa kutoka. Mara nyingi huanza ndani ya saa chache baada ya kutoka majini. Katika mikoa ambayo malaria ni jambo la kila siku, maumivu ya viungo na uchovu huweza kuhesabiwa kuwa homa, mgonjwa akapewa dawa na kuambiwa apumzike. Kwa hiyo daktari anapaswa kuambiwa, hata kabla hajauliza, kwamba mgonjwa alizamia, kwa kina gani, kwa dakika ngapi, na alitoka saa ngapi.

Sasa urefu wa nchi unaingia. Ziwa Nyasa liko chini kidogo ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, Tanganyika takriban mita 770, na Victoria zaidi ya mita 1,130. Taratibu za kawaida za uzamiaji huhesabu mahali popote panapozidi mita 300 kuwa nyanda za juu, kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi na tofauti kati ya chini ya maji na juu yake huwa kubwa kuliko baharini. Katika Ziwa Victoria, kina cha mita 18 husomwa katika jedwali la baharini kana kwamba ni mita 20. Katika Tanganyika, kana kwamba ni mita 19. Anayetegemea kompyuta ya mkononi hana budi kuhakikisha kwamba imetambua mwinuko wa mahali alipo. Kadhalika, aliyepanda ndege Dar es Salaam asubuhi na kutua Mwanza huwa na naitrojeni ya ziada mwilini kabla hajagusa maji, hivyo husubiri saa kadhaa.

Tofauti ya mita moja au mbili huonekana ndogo. Uzito wake hujitokeza pale njia ya kurudi inapopanda mlima.

Mfano mzuri ni Matema, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Barabara ya kutoka huko kwenda Mbeya hupita Kyela na Tukuyu, kisha hupanda kwenye mabega ya Mlima Rungwe hadi zaidi ya mita 2,000 kabla ya kuteremka Uyole. Ikumbukwe kwamba hewa ndani ya ndege ya abiria iliyo angani hulinganishwa na ya mwinuko usiozidi takriban mita 2,400. Kwa maneno mengine, abiria wa gari dogo anayekatiza Rungwe amekaribia kupanda ndege, ingawa magurudumu hayajaacha lami. Anayetoka Bujumbura kuelekea Bugarama hukutana na jambo hilo hilo.

Mwongozo unaotumika duniani humtaka mtu aliyezamia mara moja, bila vituo vya lazima wakati wa kupanda, asubiri angalau saa 12 kabla ya kuruka kwa ndege. Aliyezamia mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo husubiri angalau saa 18, na aliyelazimika kufanya vituo husubiri zaidi. Asiyethubutu kupanda ndege jioni hiyo hana sababu ya kuamini kwamba safari ya mlimani ni salama.

Kwa mtu ambaye tayari ana dalili, jambo hili si la kujadiliwa ufukweni huku anaugulia. Katika mfano wa Matema, kumpeleka moja kwa moja hospitali kubwa ya Mbeya, ambalo ndilo wazo la kwanza la kila mwenye huruma, ni kumpandisha mlimani mapovu yakiwa mwilini, nayo hewa ikipungua uzito huvimba. Hospitali zilizo bondeni, Matema kwenyewe na Kyela, zina faida ya kuwa karibu na usawa wa ziwa. Huko mgonjwa hulazwa chali, huvutishwa oksijeni safi, na hunywa maji ikiwa ana fahamu, huku daktari wa uzamiaji akishauriwa kwa simu. DAN, shirika la kimataifa la usalama wa wazamiaji, lina simu ya dharura inayopokelewa saa 24. Namba yake huandikwa kabla ya safari na kuwekwa mahali ambapo hata dereva wa boti anaweza kuiona.

Tiba yenyewe hufanyika katika chumba maalumu cha mgandamizo, ambamo mgonjwa hurudishiwa uzito wa hewa kisha hupunguziwa taratibu kwa saa kadhaa. Vyumba hivyo ni vichache na aghalabu hujengwa pwani. Ndege ya wagonjwa inayomfuata mtu ziwani huruka chini kadiri inavyowezekana, au huwa na uwezo wa kuweka hewa ya ndani sawa na ya usawa wa bahari. Kumrudisha mgonjwa majini ili "mapovu yarudi" ni jambo ambalo wataalamu hulikataza kwa wasio na mafunzo na vifaa vyake. Akizirai huko chini, tatizo huwa kuzama.

Oksijeni nayo ina hesabu yake. Mtungi mdogo wa lita 2 uliojazwa hadi bar 200 una lita 400. Mgonjwa akivutishwa lita 15 kwa dakika, huisha kabla ya nusu saa. Safari ya saa 3 huhitaji lita 2,700. Kundi linalobeba mtungi mmoja mdogo na kujisifu kuwa lina oksijeni halijapiga hesabu ya barabara.

Hesabu ya mtungi wa mgongoni ni kali vilevile. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bar 200 una lita 2,400 za hewa. Mtu mtulivu hutumia karibu lita 20 kwa dakika akiwa juu. Kwenye mita 20, ambako mgandamizo ni karibu mara tatu, hutumia lita 60. Huo ni muda wa dakika 40 hadi tone la mwisho, na hakuna anayepaswa kulifikia tone hilo.

Wazamiaji wengi hufundishwa kufika juu geji ikiwa bado inasoma bar 50. Lakini mwenzako akiishiwa hewa kwenye mita 20, watu wawili wenye hofu, kila mmoja akivuta mara mbili ya kawaida, hutumia lita 240 katika dakika moja tu ya kutulizana na kupeana mdomo wa akiba. Kupanda polepole hula lita 350 hivi, na kutua kwa dakika 3 kwenye mita 5 hula 360 nyingine. Jumla ni lita 950, yaani bar 80 za mtungi huo. Kwa kina hicho, basi, safari ya kupanda huanza kabla sindano haijashuka chini ya 80, hata kama samaki ndiyo kwanza wanajitokeza.

Anayetoka baharini hufanya kosa jingine la uzito. Maji ya chumvi humwinua mtu zaidi ya maji baridi, kwa tofauti ya karibu asilimia 2.5. Mwenye kilo 100 pamoja na vifaa vyake anahitaji risasi pungufu kwa takriban kilo 2.5 awapo ziwani. Akivaa mkanda wake wa Mafia, atazama upesi kuliko alivyozoea, na karibu na Kigoma miteremko ya mawe hushuka haraka mno. Ziwa lenyewe lina kina cha mita 1,470, kwa hiyo hakuna sakafu ya kumpokea anayeshindwa kujizuia.

Nyavu ni hatari ya kimya kimya. Za timba, ingawa zimepigwa marufuku, hazionekani majini hadi zimeshika valvu ya mtungi. Aliyenaswa asigeuke, maana kila mzunguko huongeza fundo. Husimama, humwashiria mwenzake, na nyuzi hukatwa kwa mkasi. Kuhusu mamba na viboko, wanaojua walipo ni wavuvi. Kichocho si dharura ya siku hiyo na kina dawa, ila hospitali husahauliwa mtu akisharudi mjini.

Wavuvi wanastahili nafasi kubwa zaidi katika mpango kuliko wanayopewa. Ndege ya abiria ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba Novemba 6, 2022, waliowahi kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 kati ya 43 walinusurika. Wazamiaji wenye vifaa wana kazi yao pia: Septemba 2018, siku mbili baada ya kivuko cha MV Nyerere kupinduka karibu na kisiwa cha Ukara, walimtoa fundi wa mitambo akiwa hai ndani ya chombo, katika sehemu iliyobaki na hewa. Na kutenda bila maarifa kuna gharama. MV Bukoba ilipopinduka Mei 21, 1996, ubavu wake ulitobolewa ili kuwafikia waliokuwa ndani. Hewa iliyokuwa ikiielesha ikatoka, meli ikazama.

Kwa kundi dogo la wazamiaji, funzo la Bukoba hutimizwa kwa matembezi ya jioni. Viongozi wa mwalo huelezwa siku moja kabla kwamba watu watakuwa chini ya maji mahali fulani, tangu saa fulani hadi fulani, na bendera itakayopepea juu ya boti maana yake ni nini. Bendera ya wazamiaji haina faida kwa nahodha ambaye hajapata kuiona, na panga la injini ya boti huua. Katika msimu wa kiangazi, upepo wa kusini unapochafua Tanganyika na Nyasa, wavuvi hao hao ndio watakaosema kama kuna haja ya kwenda.

Mtu mmoja hubaki botini, asizamie hata akishawishiwa. Ana saa, ana simu iliyojaribiwa mtandao, na ana karatasi yenye majina, muda wa kuingia, muda wa kutoka na kina kilichokubaliwa. Muda ukipita na mapovu hayaonekani, hangoji kuona aibu: huita mitumbwi, hupiga 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na huweka boya mahali mapovu yalipoonekana mara ya mwisho, kwa sababu boti itasukumwa na upepo na kumbukumbu ya macho itahama nayo.

Karatasi hiyo hiyo huandikwa siku ya kuondoka. Mwenye safari ya kwenda Mbeya Jumatatu saa 12 asubuhi, ikiwa amezamia mwisho wote wa wiki, hutoka majini Jumapili kabla ya saa 6 mchana. Alasiri inayobaki inatosha kukausha vifaa na kuchagua vyungu vya Wakisi wa Ikombe.